Nimeokoka, Mbona Naogopa Ziwa?

"Shikamoo mchungaji. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Nansio, Ukerewe. Biashara yangu ni dagaa, nakusanya visiwani napeleka soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza. Mwezi wa nne tulitoka usiku na mtumbwi wa injini, dhoruba ikatukuta katikati, mtumbwi ukapinduka. Nilishikilia dumu tupu la lita 20 mpaka wavuvi wa dagaa wakatufikia na taa zao. Binamu yangu alipatikana siku ya tatu, akiwa maiti. Tangu hapo sijapanda chombo chochote. Nikifika gatini tu moyo unaenda mbio, vidole vinakufa ganzi, naona kama nakata roho. Usiku mvua ikipiga bati naamka nimelowa jasho. Nimeokoka miaka mingi, naimba kwaya. Kiongozi wetu wa maombi anasema hii ni roho ya woga na mwenye imani haogopi. Nimefunga siku tatu, mara mbili. Nimeombewa. Bado. Majirani nao wanasema kuna kitu cha ziwani kimenishika. Mzigo nampa kijana apeleke, na hesabu hazirudi sawa. Je, imani yangu imekufa? Nijilazimishe nipande kwa jina la Yesu, au niachane na ziwa moja kwa moja?"

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Na pole ya kwanza ni ya binamu yako, maana katika maelezo yote hayo umempa sentensi moja tu, halafu ukakimbilia kujishitaki kuhusu imani yako. Nitamrudia.

Kabla ya kuwekewa mikono ya uchungaji nilikuwa muuguzi wa wagonjwa wa akili hapa Mwanza, kwa hiyo nakujibu kwa vinywa viwili, na kwa bahati nzuri havigombani. Imani yako haijafa. Usijilazimishe kwa mkupuo mmoja. Na ziwa usiliache, walau si kwa sababu hii.

Tuanze na andiko ulilopigiwa nalo. 2 Timotheo 1:7 inasema, "Maana Mungu hakutupa roho ya woga, bali ya nguvu na ya upendo na ya moyo wa kiasi." Angalia neno lenyewe: woga. Biblia yetu ya Kiswahili, hii tuliyokua nayo, ina maneno mawili, na watafsiri hawakuyatupia tu pale. Kwenye Kigiriki cha Timotheo neno ni lile la mtu anayetupa ngao akakimbia, anayemwacha mwenzake kwa kuogopa gharama. Paulo alikuwa kifungoni, anamwambia kijana wake asione haya kwa minyororo ile. Hofu ni neno jingine. Paulo huyo huyo anawaandikia Wakorintho kwamba alikuwa kwao "katika hali ya udhaifu na hofu na matetemeko mengi." Haombi radhi kwa kutetemeka. Daudi naye anaimba, "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe." Hakusema siku hofu itakapoondoka. Na Bwana mwenyewe Gethsemane alifadhaika, akahangaika, jasho likamtoka kama matone ya damu yakidondoka chini. Sasa mtu akikuambia mwenye imani haogopi, muulize kwa heshima, na Gethsemane aiweke wapi?

Woga ni uamuzi. Hofu ni hali inayokupata. Wewe mpaka leo unaamka, unakusanya dagaa, unalisha watoto watatu, unaimba kwaya, na bado unatafuta njia ya kurudi majini. Mimi woga sijauona humo.

Utasikia pia mimbarini kwamba neno "usiogope" limo katika Biblia mara 365, moja kwa kila siku ya mwaka. Ni hesabu tamu lakini haifiki huko. Mwenye itifaki ya Biblia, kile kitabu kinachoorodhesha maneno yake, aketi ahesabu. Kinachonigusa mimi ni nani anayeambiwa neno hilo: Yoshua amefiwa na Musa, Mariamu katokewa na malaika nyumbani, wachungaji wako kondeni usiku. Wote wanaambiwa wakiwa tayari wanatetemeka. Halikuwa karipio, lilikuwa mkono begani.

Nina kosa langu la kuungama hapa. Miaka ya mwanzo ya uchungaji aliletwa kwangu kijana mvuvi, naye aliponea chupuchupu ziwani. Nilikuwa nimesomea jambo hili hili, nina cheti ukutani, lakini kusanyiko lilikuwa linaniangalia. Nikamkemea roho wa woga mara tatu, kwa sauti. Mara ya tatu akasema amefunguliwa. Alisema hivyo ili nimwachie. Hakurudi kanisani, na ziwani hakurudi pia. Nikisikia mtu kafunga mara mbili na anajilaumu, namkumbuka yule kijana.

Sasa mwili wako. Ndani kabisa ya ubongo, pande zote mbili, kuna kisehemu kidogo chenye umbo la lozi, wataalamu hukiita amigdala. Mfikirie kama mbwa wa mlinzi. Hajui kusoma, hajui tarehe, hajui kwamba leo ni mchana na jua linawaka. Anajua harufu na sauti. Usiku ule ulipokuwa umekumbatia dumu, mbwa huyu alikusanya kila kilichokuwepo: harufu ya petroli, mlio wa injini, upepo wa baridi, matone ya mvua usoni. Akavitia vyote kwenye fungu moja, hatari. Kwa hiyo unapofika gatini, pua ikinusa petroli, yeye anabweka kabla akili yako haijapata nafasi ya kusema lolote. Wahenga walishaliona hili: mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Akibweka, tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini. Moyo unakimbia ili miguu ipate damu ya kutorokea. Pumzi inakuwa ya haraka na ya juu juu, na hapo ndipo vidole vyako vinakufa ganzi: unatoa hewa ya ukaa kwa kasi kuliko mwili unavyoitengeneza, damu inabadilika kidogo, midomo na vidole vinachonyota, kichwa kinazunguka, kifua kinabana. Mtu anaamini anakufa. Ni mateso ya kweli, siyadharau, lakini kwa mtu ambaye moyo wake ni mzima hayaui. Ni wimbi. Hupanda kwa dakika chache, kwa kawaida ndani ya kumi hivi hufika kileleni, kisha hushuka lenyewe hata usipofanya kitu.

Shida ni kwamba wewe hujawahi kulisubiri lishuke. Unageuka, unaondoka gatini, na ukifika sokoni Nansio moyo umetulia. Nafuu ile ndiyo inayokufunga. Mbwa anajisemea, nilibweka, tukakimbia, tuko hai. Kumbe nilikuwa sahihi. Kesho anabweka mapema zaidi, pengine ukiwa bado nyumbani unafunga kiroba. Ndiyo maana sasa hata mvua ya batini imeingia kwenye orodha yake. Kufunga na kuombewa havikushindwa. Vilikuwa vinaelekezwa kwenye nyumba isiyo na mgonjwa. Anayeumwa ni mbwa, na mbwa hafundishwi kwa mahubiri, anafundishwa kwa kuonyeshwa.

Kuhusu majirani sitasema mengi. Watu wa pwani ya ziwa hili tumezika wengi mno, na msiba usio na maelezo hutafutiwa mwenyewe. Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu kabisa na kufika Mwanza, na makaburi ya pale Igoma mpaka leo yanazungumza. Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia gati la Bwisya, Ukara, jirani zako hao, wakafa watu zaidi ya 200. Kile kilikuwa kimejaza kupita kiasi. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Hapo hapahitaji kitu cha ziwani.

Hili linanileta kwenye jambo ambalo kiongozi wako wa maombi amelisahau. Sehemu ya hofu yako inasema kweli. Mtumbwi wa mizigo, usiku, mwezi wa nne, katikati ya ziwa: hapo hata mimi naogopa, na nataka uendelee kuogopa. Ziwa hili lina tabia yake. Mchana nchi kavu hupata joto na upepo huvuma kutoka majini kuja nchi kavu. Usiku mambo hugeuka, upepo wa nchi kavu kutoka pande zote hukutana juu ya maji yenye vuguvugu, hewa inapanda, na ngurumo huzaliwa hapo hapo ziwani. Dhoruba nyingi kubwa ni za usiku kuelekea alfajiri. Wavuvi wakongwe wanalijua hili bila kulisoma. Kwa hiyo ukiniuliza kama upande tena mtumbwi wa usiku kwa jina la Yesu, jibu ni hapana, na nina andiko. Matendo 27, Paulo anawaambia wasisafiri, msimu umeharibika. Akida akamsikiliza nahodha na mwenye merikebu kuliko Paulo, wakatweka. Walipokaribia kuangamia mabaharia hawakukaa tu kukemea upepo: walitupa nanga nne upande wa tezi, yaani nyuma ya merikebu, kisha wakaomba kuche. Paulo akawasihi wale chakula. Walikuwa watu 276, wakatoka wote hai, waliojua kuogelea wakitangulia na wengine juu ya mbao. Dumu lako la lita 20, mwanangu, limo kwenye sura ile.

Wale wanafunzi kwenye Marko 4 nao watazame vizuri. Ziwa Galilaya ni dogo mno kwa macho yetu, kisiwa cha Ukerewe peke yake kinalizidi ukubwa, lakini upepo wake hushuka ghafla kutoka milimani na wale walikuwa wavuvi wa kazi, si watalii. Wakamwamsha kwa maneno makali: "Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?" Ni sala yenye ukorofi. Bwana akainuka akatuliza bahari kwanza. Swali la "Mbona mmekuwa waoga? Hamna imani bado?" lilikuja baada ya shwari. Hakuwaambia waamini kwanza ndipo awaokoe. Wengi wetu tunaohubiri tunaupindua mpangilio huo, tunamtaka aliye majini athibitishe imani yake kabla hatujampa mkono.

Sasa binamu yako. Nadhani, na utanisamehe nikikosea, nusu ya mzigo huu haihusu maji. Inahusu swali ambalo hujaniuliza: kwa nini yeye na si mimi? Labda ulimwona akiachia. Labda ni wewe uliyemwambia twende usiku huu, bei ya Mwaloni kesho ni nzuri. Sina jibu la kwa nini yeye, na mtu akikupa jibu la haraka mwogope huyo kuliko ziwa. Ninachojua ni kwamba walionusurika mara nyingi hujiadhibu kwa kutokujiruhusu kupona, kana kwamba kupanda meli bila kutetemeka ni kumsaliti marehemu. Nenda kaburini kwake na mtu unayemwamini. Mwimbie. Sema usiku ule ulivyokuwa, kwa sauti, tangu mwanzo hadi mwisho, hata mara tatu nne kwa siku tofauti. Kumbukumbu iliyosemwa hupoa. Iliyofungiwa hubaki mbichi.

Na hospitali? Ndiyo, nenda. Miezi imepita, unaamka na jasho, unakwepa kila kinachokukumbusha; dalili za namna hii zikizidi mwezi mmoja baada ya tukio zinahitaji mtaalamu azitazame, na zina tiba. Anza hapo hapo Nansio, hospitali ya wilaya, usisubiri kuvuka, maana ingekuwa kichekesho kumwambia anayeogopa maji kwamba dawa iko ng'ambo. Wapime shinikizo la damu, wingi wa damu na tezi ya shingo, kwa sababu moyo kwenda mbio una sababu nyingine pia. Baadaye, ukiweza kufika Mwanza, Bugando wana idara ya afya ya akili, na Sekou Toure wanaweza kukuelekeza. Tiba yenye nguvu zaidi kwa hali yako ni ya mazungumzo, ya kulirudia tukio kwa utaratibu ukiwa na mtaalamu. Wapo wanaopewa dawa kama sertraline au fluoxetine. Huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, na kuzimeza si kumkana Mungu. Ila usiende duka la dawa kununua diazepam ya kumeza kila ukitaka kusafiri. Inatuliza, kweli, lakini hulevya, huzoeleka, na mbaya zaidi mbwa anakuwa amelala wakati wa somo. Akiamka hajajifunza kitu. Na kama fikra za kutotaka kuishi zimeanza kukujia, au umeanza kutafuta usingizi kwenye pombe, usimalize kusoma. Mwite mtu sasa hivi, muende hospitali leo.

Turudi kwenye njia zako mbili. Kujilazimisha mkupuo mmoja, yaani kuomba, kufumba macho na kujitupa ndani ya chombo kiendacho Mwanza: kuna wanaofaulu, lakini wengi huzidiwa katikati, na mbwa anapata ushahidi mpya. Kuacha ziwa: inawezekana, mtu halazimiki kuwa mfanyabiashara wa dagaa. Lakini Sengerema wamepata daraja lao la Kigongo hadi Busisi, kilomita 3, tangu Juni 2025. Ukerewe bado ni kisiwa. Ukiliacha ziwa umefungwa, mtoto akiugua utafanyaje? Napendelea njia ya tatu, ya ngazi kwa ngazi.

Kwanza pumzi, na hili litakuwa rahisi kwako kuliko kwa wengi kwa sababu waimbaji mnajua kubana hewa. Vuta kwa pua polepole ukisema moyoni, "Siku ya hofu yangu." Toa polepole zaidi, "nitakutumaini Wewe." Sehemu ya pili ina silabi nyingi kuliko ya kwanza, na ndivyo inavyotakiwa, pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia, hewa ya ukaa inarudi mahali pake na vidole vinafunguka. Fanya nyumbani asubuhi na jioni kwa wiki nzima, siku za utulivu, usingoje gati. Lala. Kula. Eliya alipotaka kufa chini ya mretemu, malaika hakumhubiria; alimletea mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Na acha kufunga kwa sasa. Mwili wenye njaa hutetemeka haraka, na umeshatetemeka vya kutosha.

Kisha nenda gatini mchana, kusiwe na safari. Kaa chini karibu na maji, moyo uende mbio, usiondoke mpaka ushuke angalau nusu. Hapo ndipo somo lilipo. Rudia kila siku mpaka ikuchoshe. Kuchoshwa ni dalili njema. Kisha omba uruhusiwe kukaa ndani ya chombo kilichofungwa gatini. Zungumza na mafundi, uliza jaketi la kujiokolea linafungwaje, livae ukiwa nchi kavu, livue, livae tena. Mwite mwenzako mmoja wa kwaya, na ningependa awe kiongozi wako wa maombi mwenyewe, akubali kukaa kimya kando yako bila kukemea chochote. Mwonyeshe maelezo haya ukipenda. Si mtu mbaya; amerithi sentensi moja tu na anaitumia kwa kila jeraha.

Safari ya kwanza isiwe ya Mwanza. Nenda Rugezi, upande kivuko cha kwenda Kisorya, ni maji mafupi. Chagua siku ya mchana, ambayo utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa haujatoa tahadhari ya upepo ziwani. Ukiona wamejaza kupita kiasi, shuka, na hiyo usiihesabu kama kushindwa. Mzigo wako unaweza kupita njia hiyo kwa miezi kadhaa, Kisorya, Bunda, mpaka Mwanza kwa gari. Ni mzunguko na nauli itauma, lakini utakuwa unauza dagaa wako mwenyewe na kuhesabu fedha yako mwenyewe, na meli ya Nansio itakusubiri.

Katikati ya maji moyo utakimbia. Usimkemee mbwa. Mwambie Bwana hasa unavyojisikia, hata kwa ukorofi wa wale wavuvi wa Marko, na uangalie nje, usifumbe macho, uone mawimbi yalivyo leo, siyo yalivyokuwa usiku ule. Mkifika Kisorya kaeni mnywe chai na chapati, msiharakishe. Halafu pandeni kivuko mrudi Rugezi siku hiyo hiyo.